Mnaofundisha kuunga pini ya Echo ya sensa moja kwa moja kwenye Raspberry Pi, mnatuunguzia bodi!

Wakuu, nimekaa na hasira hii siku tatu, leo naimwaga.

Nina Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, hapa mezani, imekufa, na iliyoiua ni mchoro. Mchoro mzuri wa rangi, waya mwekundu, mweusi, wa njano na wa kijani, umewekwa na mtu anayejiita mwalimu wa vifaa vya kujiundia, na chini yake watu kibao wanamshukuru. Nami nilimshukuru.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Nilitaka kujua maji yamebaki kiasi gani kwenye tenki bila kupanda ngazi. Nikachukua sensa ya kupima umbali ya HC-SR04, ile yenye macho mawili ya duara. Unaipa ishara fupi kwenye pini yake ya Trig, inapiga sauti tusiyoisikia, mwangwi ukirudi unasoma muda wake kwenye pini ya Echo. Kila maikrosekunde 58 ni kama sentimita moja. Hadi hapo alieleza vizuri, sina ugomvi naye.

Alichonyamazia ni hiki: sensa hiyo inakula volti 5, na Echo yake inatema volti 5 vilevile. Pini za Raspberry Pi ni za volti 3.3. Kwenye Pi 4 zinaingia moja kwa moja kwenye chipu kuu, hakuna kitu katikati cha kupokea kipigo. Yeye kachukua Echo, kaipeleka pini ya 18 kwa waya mtupu.

Kinga yake ni rizista mbili tu, vile vipande vya kuzuia umeme, jamani! Moja ya kilo-omu 1 kati ya Echo na pini, nyingine ya kilo-omu 2 kutoka kwenye pini kwenda grauni, yaani upande wa volti sifuri. Volti 5 zinagawanyika hapo, pini inapata kama 3.3. Vipande viwili vinavyolingana na punje za mchele. Ameshindwa kuvichora?

Na ubaya wa kosa hili, mara nyingi haliui papo hapo. Bodi yangu ilifanya kazi siku tisa. Namba zinatoka safi, nikapiga na picha, nikawatumia watu. Siku ya kumi pini ikaganda inasoma "imewashwa" muda wote, haishuki. Nikadhani ni waya, nikabadilisha. Nikadhani ni sensa, nikabadilisha. Nikazima nikawasha tena: taa nyekundu inawaka, ya kijani haipepesi hata mara moja. Nikaweka kidole juu ya chipu nikakitoa mbio, inaunguza, wakati mfumo wenyewe haujaanza hata kuwaka. Ndipo nikaenda kusoma maelezo ya sensa mstari kwa mstari, na nikajua nimefanya nini.

Nikamwandikia kwa adabu kabisa. Akajibu, "Mbona kwangu inafanya kazi?"

Jibu hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Kwako inafanya kazi kwa sababu uliiunga dakika tano, ukarekodi video, ukachomoa. Mimi yangu inakaa kwenye umeme usiku na mchana, sensa inaipiga kila sekunde. Na nina hakika mchoro ule ulitoka kwenye Arduino Uno, bodi nyingine ya kujifunzia. Uno pini zake ni za volti 5, pale unaunga Echo moja kwa moja na hakuna kinachoungua. Mtu kabadilisha picha ya bodi tu, nyaya kaziacha zilivyo.

Si huyu peke yake. Kuna wanaochora mota ya servo ikinyonya umeme kwenye pini ya bodi ileile inayoiendesha, halafu mwanafunzi anashangaa kwa nini ESP32 yake, bodi ndogo yenye Wi-Fi, inajizima na kujiwasha kila mota ikikwama. Volti zinaporomoka, bodi inajilinda, basi. Ipe mota chanzo chake, unganisha grauni zote mbili, tatizo limekwisha. Kuna wanaofundisha relei tupu, ile swichi inayovutwa na koili ya umeme, bila diodi ya kumeza umeme unaorudi koili inapozimwa. Kuna wanaofundisha kusoma analogi, yaani kupima volti, kwenye kundi la pini za ADC2 za ESP32 huku Wi-Fi imewashwa, wakati inajulikana haviendi pamoja. Mwanafunzi anakesha akitafuta kosa kwenye programu yake, na programu haina kosa.

Halafu wekeni tarehe na jina la bodi! Raspberry Pi 5 ilipotoka mwaka 2023, pini zilihamia kwenye chipu nyingine, RP1, na maktaba ya RPi.GPIO, ile kodi ya kuendeshea pini iliyojaa kwenye masomo ya zamani, haifanyi kazi pale. Anayeanza leo anainakili neno kwa neno, inamtupia makosa, anajiona yeye ndiye mjinga.

Najua watakuja wa kusema "kila fundi ameunguza bodi, ndiyo kujifunza". Hapana. Kuunguza kwa kujaribu mambo yako mwenyewe ni kujifunza. Kuunguza kwa kufuata somo hatua kwa hatua, bila kukosea hata waya mmoja, ni kuponzwa na aliyekufundisha. Anayeanza mara nyingi ana bodi moja tu. Ikifa, na hamu inakufa nayo, na wengi hawarudi tena. Mnaweza kusema ni kitu kidogo?

Nilimwomba mwenye mchoro aufute au aongeze zile rizista mbili. Leo asubuhi nimeufungua tena. Waya wa kijani bado unatoka Echo unaingia pini ya 18 moja kwa moja, na chini yake kuna mtu ameuliza jana usiku kwa nini bodi yake inachemka. Hajajibiwa. Nimemwandikia mimi: chomoa sasa hivi.