Dereva anakoroma na pumzi inakatika, lakini kipimo cha rula anafaulu. Shida iko wapi?

Msimamizi_Tororo:
Salaam wakuu. Kuna dereva wa trela, safari za Malaba hadi Kampala. Tanboi wake anasema usiku anakoroma, pumzi inakatika, kisha anashtuka kama mtu aliyekabwa. Tumempima kwa rula: unaiachilia, yeye anaidaka. Mara tano, wastani sentimita 20, sawa na vijana wa gereji. Je, tunamsumbua bure?

Pumzi_na_Usingizi:
Rula haikudanganya, ila ilijibu swali jingine. Sentimita 20 ni kama sekunde 0.2, kasi nzuri. Lakini anajua rula itaanguka, amejikaza, na shughuli yote inakwisha ndani ya dakika moja. Dakika moja hata mtu aliyekesha anaimudu.

Kinachoharibika ni kukaa macho kwenye jambo lilelile kwa muda mrefu. Watafiti wa usingizi hutumia kipimo cha dakika 10: namba inajitokeza kwenye kioo kila baada ya sekunde 2 hadi 10, bila mpangilio, naye anabonyeza. Usiangalie wastani peke yake, hesabu mara alizochelewa kupita nusu sekunde. Mwenye maradhi haya ya pumzi kukatika usingizini (sleep apnea) hujibu vizuri, vizuri, vizuri, halafu hayupo. Kwa kilomita 80 kwa saa, nusu sekunde ni mita 11. Akisinzia sekunde 3, trela imeshakwenda mita 67 haina mwenyewe.

Chanzo: misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, hewa inakatika sekunde 10 au zaidi. Oksijeni inashuka, ubongo unamzindua kidogo ili koo lifunguke, na asubuhi hakumbuki. Mara 5 kwa saa tayari ni ugonjwa. 30 na kuendelea ni hali kali. Ubongo unabaki na usingizi wa mang'amung'amu usiku kucha. Ndiyo maana mtu anasahau la tatu katika maagizo matatu, au anashindwa kubadili mpango barabara ikifungwa.

Kijana_wa_Busia:
Wengi si wanatafuna mairungi na safari inakwenda?

Pumzi_na_Usingizi:
Mairungi na kahawa vinaficha kusinzia, koo haviligusi. Ukitafuna jioni unaharibu na usingizi mdogo uliobaki. Waragi, pombe kali ya kienyeji, ni balaa zaidi, inalegeza koo lenyewe. Vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi navyo visiingie kwenye kabini.

Mama_Kliniki:
Ndugu msimamizi, anza na utepe wa kupimia. Shingo ikizidi sentimita 40, shaka inaongezeka, ingawa wembamba wenye taya fupi nao wanaugua. Kuna pia dodoso la maswali 8 kuhusu kusinzia, kila jibu alama 0 hadi 3. Jumla ikipita 10 si kawaida. Ila dereva anayeogopa kufukuzwa atakupa jumla ya 2, kwa hiyo muulize tanboi.

Kipimo chenyewe ni cha usiku: mrija puani, mkanda kifuani, klipu kidoleni. Klipu ya mchana kusoma oksijeni asilimia 97 haithibitishi lolote. Hadi majibu yatoke, asiendeshe.

Akipewa mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisifunge usiku, shida huwa kwenye matumizi. Barakoa ikivuja hewa machoni, usikaze mikanda tu, huenda saizi si yake. Chujio likague kila wiki kwa vumbi letu hili. Na akilala ndani ya lori, asome kibandiko kabla ya kuchomeka: betri za lori ni volti 24, mashine nyingine zinataka 12.

Msimamizi_Tororo:
Asante mama. Arudi usukani baada ya siku ngapi?

Mama_Kliniki:
Si kwa siku, ni kwa rekodi iliyo ndani ya mashine, na daktari ndiye anayeamua. Kiwango kinachotumika sana ni saa 4 au zaidi kwa usiku, angalau usiku 7 kati ya 10. Kusinzia hupungua mapema, kumbukumbu na kupanga mambo huchelewa, na kwa wengine havirudi vyote. Rudieni kipimo kile cha dakika 10, saa nane mchana, akishakula.