Kikundi cha Majirani wa Langoni, Lamu: Mafunzo ya Jumamosi

Salma (muuguzi): Assalamu alaikum wazee wangu na majirani wote. Jumamosi baada ya sala ya alasiri, inshallah, nitafundisha namna ya kumsaidia mtu ambaye moyo wake umesimama ghafla, yaani huduma ya kubonyeza kifua ambayo wengi wameisikia kwa jina la CPR. Naomba kila nyumba imtoe kijana mmoja.

Bi Zuhura: Waalaikumu salaam, mwanangu. Hao vijana unaowaita, saa nne za asubuhi huwa wako wapi? Wangu mmoja yuko Mombasa, wa pili yuko baharini, na wajukuu wako shuleni. Anayebaki nyumbani na Mzee ni mimi, naye akianguka hatakuwapo mwingine wa kumshika. Mbona sisi hatukuulizwa kama tunataka kujifunza?

Salma: Umenena kweli, Bi Zuhura. Katika nchi zinazoweka hesabu hizo, takriban visa saba kati ya kumi vya moyo kusimama nje ya hospitali hutokea nyumbani, na anayeshuhudia mara nyingi ni mke au mume, ambaye naye ni mtu mzima. Basi mwaliko ni wa kila anayetaka, hata awe na miaka themanini.

Ami Shee: Kutaka nataka, lakini magoti yangu hayapigi tena sakafuni isipokuwa kwa taabu, na ninachokiogopa zaidi ni kumvunja mtu mbavu, halafu watoto wake waseme kwamba mimi ndiye niliyemuua.

Salma: Ami, mbavu huvunjika wakati mwingine, hasa za wazee, lakini mbavu huunga. Mtu ambaye hasikii akiitwa na hapumui sawasawa hana hali mbaya zaidi ya hiyo unayoweza kumtia, kwa sababu ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi, na kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi yake ya kuishi kwa asilimia 7 hadi 10. Unabonyeza katikati ya kifua kwa mikono miwili iliyonyooka, kina cha sentimita 5 na kisizidi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hata mwenye nguvu huchoka baada ya dakika mbili, kwa hiyo watu hupokezana.

Ami Shee: Na je, hufaa kweli? Niambie bila kunipamba.

Salma: Sikupambi. Hata Marekani, kwenye vifaa vyote, takriban mtu mmoja kati ya kumi ndiye anayetoka hospitali akiwa hai. Asipobonyezwa kabisa, nafasi hiyo ndogo hupungua mno.

Bi Rukia: Mimi nina swali ambalo naona uzito kuliuliza. Kwetu mtu akianza kukoroma na kutweta kwa vipindi, pumzi moja hapa na nyingine baadaye, tunasema yumo katika sakarati, yaani anakata roho. Tunamwelekeza kibla, tunamsomea, na hakuna anayethubutu kumgusa kifua. Tutatofautishaje?

Salma: Swali lako ndilo kubwa kuliko yote, Bi Rukia. Mtu aliyekuwa akizungumza akaanguka ghafla, kisha akawa anatweta hivyo, moyo wake huenda umesimama dakika hiyo hiyo, na kutweta huko si kupumua. Huyo abonyezwe mara moja. Mgonjwa wa siku nyingi ambaye daktari na jamaa zake wameshakubaliana kwamba atunzwe kwa utulivu ni jambo jingine.

Ustadh Athman: Naomba niongeze hapo. Ulimi una nafasi ya kumtamkia shahada huku mikono ikifanya kazi. Na kwa wanaojizuia kwa kuwa aliyeanguka si maharimu wao, yaani si jamaa wa karibu asiyeoleka kwao, kanuni ya fikihi inajulikana: dharura huhalalisha yaliyokatazwa.

Bi Zuhura: Mzee hulala kwenye kitanda cha kamba, naye ni mzito. Nikimbonyeza pale si atanesa tu?

Salma: Atanesa, na nguvu zako zitapotelea kwenye kamba. Shika shuka aliyolalia, mvute kidogo kidogo mpaka afike sakafuni, huku ukikinga kichwa chake. Kabla ya hapo piga ukemi dirishani, maana nyumba zetu zimekaribiana kiasi kwamba jirani atakusikia, na simu iachwe wazi sakafuni ili usiitafute. Ami Shee, ikiwa magoti yamegoma, wewe hesabu kwa sauti, waite wapokezanaji, na simama mdomoni mwa kichochoro uwaelekeze wabeba machela, kwani gari halifiki mlangoni kwetu.

Ami Shee: Kazi hiyo naiweza. Lakini hilo la kuwekeana mdomo nalo?

Salma: Tangu mwaka 2008 Shirika la Moyo la Marekani limesema kwamba mtu mzima aliyeanguka ghafla anaweza kubonyezwa kifua pekee. Aliyezama baharini, pamoja na watoto wadogo, hao huhitaji pumzi pia, kwa sababu kilichowaangusha ni kukosa hewa. Kwa mji wa bahari kama wetu tutalitengea muda wake, na nitaleta kitambaa maalumu cha kufunika mdomo.

Bi Rukia: Wanawake tungependa tuwe na zamu yetu peke yetu, na itatusaidia kama anayeshindwa kupiga magoti atawekewa godoro jembamba chini yake.

Salma: Imekubaliwa. Mwanasesere wa mazoezi ninaye mmoja tu, kwa hiyo kila mtu aje na mto mgumu.

Bi Zuhura: Nitaleta mto wa sufi ulioshindiliwa, na Mzee nitamleta pia. Jifunzeni naye vizuri, kwa maana siku nikianguka mimi, ni yeye atakayekuwa nami chumbani.