Naomba ushauri: wauze michoro moja kwa moja au wakodishe haki?

Habari zenu ndugu. Ninasaidia kikundi cha wachoraji viziwi. Kazi zao ni nzuri na wateja wapo, ila hela inaingia kwa msimu, kisha kimya. Kumbi nyingine za maonyesho huchukua hata nusu ya bei, na msanii akipanga bei anahesabu rangi na turubai tu, muda wake anausahau. Hilo tumeanza kulirekebisha.

Kinachoniumiza kichwa ni haki. Kuna kampuni inataka kununua michoro jumla jumla, pamoja na haki zake, iichapishe kwenye kalenda na vitambaa. Mimi naona heri kukodisha: msanii abaki na hakimiliki, mkataba utaje matumizi, muda na asilimia ya mauzo. Kwa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za wasanii na waandishi, hakimiliki ya mchoro hudumu angalau miaka 50 baada ya msanii kufariki. Sasa aiachie kwa malipo ya mara moja kwa nini? Ila wenyewe wana shida ya hela leo, siwalaumu.

Mliowahi kusaini mikataba ya namna hii, mlidai malipo ya awali kiasi gani, na hesabu za mauzo mlizikaguaje? Na gharama ya mkalimani wa lugha ya alama kwenye majadiliano aibebe nani?