Kampeni za Uingereza: upepo ukigeuka, utajuaje kwamba umegeuka kweli?

MwanaUyole (Mbeya)

Wakuu, habari za jioni, na shikamooni mliotutangulia. Vijana wa kidato cha sita hapa Mbeya wanaandaa mdahalo: je, kampeni hubadili matokeo ya uchaguzi mkuu wa Uingereza, au huonesha tu kilichokwisha kuamuliwa? Mfano wanaoung'ang'ania ni 2017. Waziri Mkuu Theresa May alitangaza uchaguzi Aprili 18 akiongoza kwa karibu pointi 20 kwenye kura za maoni. Juni 8 akapoteza wingi wake bungeni. Wiki saba tu! Katikati hapo kulitokea nini? Na mtu aliye mbali, anayesoma takwimu tu, atatofautishaje upepo wa kweli na vumbi la siku moja? Naomba tarehe na namba, maana wataulizwa.

Kihesa_Juu (Iringa)

Kamwene, mkuu. Waambie kwanza waache kusema May alianguka. Chama chake, Wahafidhina, kilipata asilimia 42.4 ya kura, wakati 2015 kilipata 36.9. Kura ziliongezeka, viti vikapungua hadi 317 kati ya 650, na wingi unaanzia 326. Aliyesogea sana ni Labour, chama kikuu cha upinzani cha Jeremy Corbyn: ilianza chini ya 30, ikamaliza na 40. Pengo lilizibwa kutokea chini. Mdahalo usioliona hilo utajenga hoja zote juu ya msingi mbovu.

Sasa tarehe. Mei 18 Wahafidhina walizindua ilani. Ndani yake mlikuwa na mpango wa gharama za kuwahudumia wazee: anayehudumiwa nyumbani kwake, thamani ya nyumba hiyo nayo ingehesabiwa katika mali ya kulipia, mpaka abakiwe na pauni 100,000. Wapinzani wakaupachika jina la kodi ya maradhi ya kusahau. Hebu fikiria mzee aliyemaliza kulipia nyumba na anataka kuwaachia wanawe. Huyo ndiye mpiga kura wa kuaminika wa Wahafidhina, na ndiye aliyeguswa. Mei 22, siku ya nne tu, May akasema kutakuwa na ukomo wa malipo, huku akisisitiza kwamba hakuna kilichobadilika. Kampeni nzima ilikuwa imesimama juu ya kauli ya uongozi imara, kwa hiyo kugeuka huko kulimgharimu kuliko mpango wenyewe.

Usiku huohuo likalipuka bomu Manchester, na kampeni zikasimamishwa kwa siku kadhaa. Juni 3 likaja shambulio la London Bridge. Ungetarajia usalama umfaidi aliye madarakani, lakini swali likawa idadi ya polisi iliyopunguzwa tangu 2010, na May ndiye aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani kuanzia 2010 hadi 2016.

Kitonga255 (Iringa)

Kaka Kihesa kaeleza vizuri upande wa matukio. Mimi niongeze upande wa vipimo, kwa sababu nusu ya kinachoitwa upepo hutoka kwenye kipimo chenyewe.

Kura ya maoni ya watu 1,000 ina makosa ya takriban pointi 3 juu au chini kwa kila chama. Kwenye pengo kati ya vyama viwili, makosa hayo hukaribia 6. Gazeti likiandika 42 kwa 36, ukweli unaweza kuwa 39 kwa 39. Kwa hiyo pengo likisogea pointi 2 kutoka Jumatatu hadi Alhamisi, usiandike chochote. Subiri kampuni tatu nne tofauti zioneshe mwelekeo uleule, na linganisha kila kampuni na yenyewe. Ukiiweka kampuni moja wiki hii na nyingine wiki ijayo, utaona mlima pasipo na mlima.

Kosa la pili ni la gunia la lumbesa. Mnunuzi akikagua viazi vya juu tu, atajua habari za viazi vya juu. 2015 kura za maoni zilionesha vyama viwili vikubwa vikienda sambamba hadi mwisho. Wahafidhina wakashinda kwa zaidi ya pointi 6. Uchunguzi uliofanyika baadaye ulikuta sababu kuu ni sampuli: wafuasi wa Labour walikuwa wengi mno kati ya waliofikiwa.

Na kilichofuata ndicho kinachofundisha zaidi. 2017 baadhi ya kampuni, kwa kuogopa kurudia kosa, zilipunguza uzito wa vijana kwa dhana kwamba hawatajitokeza. Mkesha wa uchaguzi kampuni ya Survation ikasema Wahafidhina wanaongoza kwa pointi 1, kampuni ya ICM ikasema 12. Wananchi ni walewale, siku ni zilezile, tofauti ni hesabu ya nani atakwenda kituoni. Pengo halisi lilikuwa kama pointi 2 na nusu.

MwanaTukuyu

Nakubaliana, ila mnaongea sana asilimia. Uingereza hakuna anayempigia kura waziri mkuu. Kuna majimbo 650, kila moja anayeongoza anachukua, hata kwa kura moja. 2017 jimbo la North East Fife liliamuliwa kwa kura 2, Kensington kwa 20.

Wape vijana jozi hii: Labour 2017, asilimia 40, viti 262. Labour 2024, asilimia 33.7, viti 411. Kura pungufu, ushindi mkubwa! Sababu ni kwamba 2024 Wahafidhina walishuka hadi 23.7, na chama cha Reform kikachukua 14.3 zilizotawanyika nchi nzima, kikaambulia viti 5. Nigel Farage wa Reform aliingia kugombea Juni 3, kampeni ikiwa imeshaanza. Liberal Democrats, waliochagua majimbo ya kupigania, walipata 12.2 na viti 72.

Upepo mtupu nao upo. Aprili 15, 2010, baada ya mdahalo wa kwanza wa televisheni, Nick Clegg, kiongozi wa Liberal Democrats, alipaa hadi kura kadhaa za maoni zikamweka mbele. Siku ya kura chama chake kikapata 23 na viti 57, pungufu ya 62 vya uchaguzi uliotangulia.

MwanaUyole

Ndaga fijo, wakuu. Maswali mawili ya mwisho. Kuna kura ya maoni iliyowahi kuona 2017 mapema? Na usiku wa matokeo tuanze kufuatilia saa ngapi huku kwetu?

Kitonga255

Ipo. Mwishoni mwa Mei, siku kama tisa kabla ya kura, kampuni ya YouGov walitoa makadirio ya viti: Wahafidhina 310. Walikusanya majibu ya makumi ya maelfu, wakayagawa kwa umri, elimu na kura ya nyuma, kisha wakaangalia kila jimbo lina watu wa aina gani. Walibezwa sana, hasa kwa kuwapa Labour majimbo ya Kensington na Canterbury. Yote mawili yalikwenda Labour.

Kuhusu saa: vituo hufungwa saa nne usiku ya London, na hapo ndipo televisheni za BBC, ITV na Sky hutoa matokeo ya kura ya mlangoni. Sheria inakataza kuyatoa kabla. Anayetoka kupiga kura hupewa karatasi inayofanana na ile halisi, anaitumbukiza kwenye sanduku bila kutaja chaguo lake. Vituo vinavyotumika kwa kura hiyo, mia na ushei, vingi vyake ni vilevile vya uchaguzi uliopita, kwa hiyo kinachopimwa ni badiliko katika kituo kilekile. 2017 ilisema Wahafidhina 314. Ilikosea viti 3.

Uchaguzi ukiwa Juni au Julai, hiyo ni saa sita usiku kwetu. Ukiwa Desemba kama 2019, ni saa saba. Majimbo ya Sunderland na Newcastle hushindana kumaliza kuhesabu kwanza, kwa hiyo saa moja na zaidi kidogo baadaye mtakuwa na jimbo halisi la kulinganisha na makadirio. Andikeni mapema asilimia za majimbo hayo za uchaguzi uliopita, pembeni ya safu tupu ya kujaza.