Mkanda wa protini unachanika nyuma ndani ya kolamu: kosa ni ujazaji au mnato?

wa_Tudor
Salaam wataalamu. Natenga fikoeritrini (protini nyekundu) ya mwani mwekundu kwa Sephacryl S-300, jeli ya punje inayotenganisha molekuli kwa ukubwa, ndani ya kolamu ya kioo ya 16/60 (kipenyo milimita 16, urefu sentimita 60; mililita 120 hivi), bafa (maji ya kupitisha) ya fosfeti ya potasiamu, mwendo mililita 0.5 kwa dakika. Sampuli ni mililita 5, ina gliseroli asilimia 30. Wekundu huingia umenyooka vizuri, lakini ukishuka kama sentimita 10, vidole vyeupe vya bafa huupenya kutokea nyuma, na kilele kwenye grafu ya kipima mwanga huburura mkia. Niitoe jeli nijaze upya?

MwaniKusini
Usiiguse bado, ndugu yangu. Pitisha kwanza asetoni asilimia 1, mililita 0.6, usome ufyonzaji wa mwanga wa nanomita 280. Kwenye asilimia 10 ya urefu wa kilele, gawanya upana wa nyuma kwa wa mbele. Ukipata kati ya 0.8 na 1.4, kolamu ni nzima.

Nadhani utaikuta nzima. Kimiminika chepesi (chenye mnato mdogo) kikisukuma kizito, mpaka wao hautulii: kikipata upenyo hutangulia, na kikitangulia njia ile huzidi kuwa rahisi, basi hukimbia zaidi. Wanasayansi Saffman na Taylor walilieleza hili 1958. Mbele kwako kizito ndicho kinachosukuma chepesi, ndiyo maana pamenyooka.

BafaBaridi
Gliseroli asilimia 30 peke yake ina mnato kama mara 2.5 wa maji, na sampuli haifai kuzidi mara 2 ya bafa. Karajinani (ute wa mwani unaoganda) iliyoponyoka kwenye mwani huongeza tena. Pima: vuta sampuli kwenye pipeti ya mililita 1, iache ishuke yenyewe kati ya alama mbili, uhesabu sekunde, kisha bafa, pipeti ileile, joto lilelile.

Ondoa gliseroli kwa dayalisisi (kuilowesha sampuli ndani ya mfuko wa utando kwenye bafa), chuja mikromita 0.45, pakia mililita 2 tu. Kama protini yaharibika bila gliseroli, tia asilimia 10 kwenye sampuli na kwenye bafa pia. Na tafadhali hamia fosfeti ya sodiamu: potasiamu hugandisha karajinani ya aina ya kappa, ikaziba juu ya kolamu.

wa_Tudor
Shukran sana. Kupunguza mwendo je?

MwaniKusini
Hapa hakutakufaa sana. Molekuli ya kilodaltoni 240 husambaa polepole mno kuweza kuvifuta vidole hivyo. Angalia zaidi joto: bafa ya friji ikipashwa na hewa ya Mombasa ndani ya kolamu hutoa viputo. Iache ifikie joto la chumba, uiondoe hewa kwa vakyumu, ndipo uiunganishe na pampu.