Gari Kuwa na Kilomita Nyingi Si Ugonjwa: Malalamiko Dhidi ya Gereji Inayobadilisha Vipuri Bila Kupima

Ndugu zangu, naandika haya nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Gari langu ni steshenwagoni ya zamani iliyokwisha kutembea zaidi ya kilomita 300,000, na gereji niliyoiamini kwa muda mrefu imekuwa na jibu moja kwa kila tatizo ninalowapelekea: "Hili gari limechoka." Baada ya jibu hilo hufuata orodha ya vipuri vya kununua, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotanguliwa na kipimo chochote.

Tatizo lililonifikisha hapa ni injini kuchemka. Nilimweleza fundi waziwazi kwamba joto hupanda pale tu gari linaposimama kwenye foleni, na kwamba nikishika barabara na kuongeza mwendo mshale hurudi mahali pake. Mtu yeyote anayejiita fundi wa injini anapaswa kuzinduka akisikia maelezo hayo, kwa sababu gari likiwa kwenye mwendo upepo hupita wenyewe katikati ya rejeta, lakini likisimama hutegemea feni peke yake. Likichemka kwenye mwendo, hapo ndipo ungeanza kuishuku rejeta iliyoziba au pampu ya maji isiyosukuma. Wao hawakuigusa feni. Walibadilisha rejeta, gari likachemka. Wakabadilisha pampu ya maji, likachemka. Hatimaye wakatangaza kwamba gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kinachozuia gesi za injini na maji visichanganyike, imeungua na kwamba injini lazima ifunguliwe. Hawakupima presha ya mfumo wa maji, wala hawakufanya kile kipimo rahisi cha kemikali kinachoonyesha kama gesi za moshi zimeingia kwenye maji. Fundi mwingine, ambaye hakuwa na vifaa vya ajabu, alichomoa plagi ya feni, akaiunganisha moja kwa moja na betri, na feni ikazunguka vizuri kabisa. Iliyokuwa imekufa ni relei yake, yaani swichi ya umeme inayoiwasha feni, kidude kinachoenea kiganjani.

Kilichonikera kuliko rejeta ni nilichokigundua baadaye, kwamba katika kuhangaika kwao waliitoa themostati, vali inayodhibiti maji yanayokwenda kwenye rejeta, na kuitupa bila kuniambia. Najua wapo watakaosema kwamba magari mengi hutembea bila themostati na hayajafa. Ni kweli hayafi siku hiyo. Themostati hufunguka injini inapofikia joto la kati ya nyuzi 82 na 92 hivi, kutegemea aina ya gari, na kazi yake ni kuiwahisha injini kupata moto na kuishikilia hapo. Ukiitoa, injini hubaki baridi inapokuwa kwenye mwendo, na kompyuta ya gari huendelea kumwaga petroli ya ziada kana kwamba gari limewashwa sasa hivi alfajiri. Unyevu haukauki ndani ya oili, silinda huchakaa mapema, na ulaji wa mafuta hupanda. Taa ya injini iliwaka, mashine ya kupimia ikasoma P0128, yaani maji hayafikii joto linalotakiwa, na gereji ileile ikataka kuniuzia sensa ya joto! Waliusababisha ugonjwa wenyewe, kisha wakataka niwalipe kwa kuutafuta mahali ambapo haupo.

Sijasahau suala la mlango wa nyuma. Kifuta kioo cha nyuma, taa ya namba na kufuli vilianza kufanya kazi vinapotaka. Kwenye steshenwagoni ya umri huu mahali pa kwanza kuangalia ni ule mpira unaopitisha nyaya kutoka kwenye paa kuingia mlangoni, kwa sababu nyaya hizo hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na baada ya miaka mingi ganda lake hupasuka na shaba hukatika. Wao waliniambia ninunue mota mpya ya kifuta kioo. Nyaya zilipofunuliwa kwingineko zilikuwa zimekatika kama nilivyotarajia, na kazi yote ilikuwa kuziunga kwa risasi na kuzifunika upya.

Oili nayo ilikuwa ikivuja nyuma ya injini, wakabadilisha sili, na ikavuja tena. Hawakuwahi kusafisha mfumo wa kupumulia wa injini, ambao ukiziba presha hujaa ndani ya injini upande wa chini na kuisukuma oili itoke popote inapopata upenyo, hata sili iwe mpya kiasi gani.

Sikatai kwamba gari la zamani lina gharama zake. Bushi za mikono ya chini huisha, shokamzoba za nyuma huchoka kwa mizigo ambayo steshenwagoni imeundwa kuibeba, na mkanda wa taimingi nitaubadilisha pamoja na roli zake hata kama unaonekana mzima, kwa kuwa kwenye injini nyingi ukikatika pistoni hugonga valvu na hasara yake haina mjadala. Gharama hizo nazilipa bila kunung'unika, maana zina sababu inayoeleweka. Ninachokikataa ni kulipia dhana za mtu ambaye hajashika hata multimita, yaani kipima umeme, halafu dhana zake zikishindwa lawama inaelekezwa kwenye umri wa gari.

Nimewaandikia wenye gereji madai yangu, na nayaweka hapa ili yajulikane. Nataka nirudishiwe rejeta yangu ya awali na pampu yangu ya maji, kwa sababu ni mali yangu na hakuna aliyenionyesha kasoro yake. Nataka themostati mpya ifungwe kwa gharama yao, pamoja na kulanti sahihi (kimiminika maalumu cha kupoza injini) badala ya maji ya bomba waliyojaza, ambayo yatazila kwa kutu njia za maji ndani ya injini. Nataka nirudishiwe ujira wa kazi zote zilizofanywa kabla feni haijapimwa. Hadi sasa jibu pekee nililopata, kwa simu na si kwa maandishi, ni kwamba ingekuwa nafuu kwangu kuuza gari.