Vijitetemeko vinaweza kuonyesha maji ya kisima cha kurudishia yanaelekea wapi?

Mvuke_Mkavu:
Wakuu, naomba mwongozo. Eneo la jotoardhi lina kisima kimoja cha kurudishia maji, na hifadhi ya mvuke iko kina cha kilomita 2 hivi. Vituo ni sita: seismomita (vipima mtetemo) za Hz 1 zenye mihimili mitatu, sampuli 100 kwa sekunde. Vijitetemeko ni kama 150 kwa mwezi, karibu vyote chini ya ukubwa wa 1.

Nukta za ramani zikianza kuhamia upande mmoja, hiyo ndiyo njia ya maji? Halafu, kwa kuwa wimbi la S (la pili kufika, linalotikisa kwa upande) halipiti kwenye maji, kituo kikikosa S ina maana katikati pana maji? Na siku ambazo hakuna vijitetemeko, bado kuna kitu cha kupima?

Fundi_wa_Mawimbi:
Nianze na la S, maana hilo linapotosha watu wengi. Ni kweli S haipiti kwenye kimiminika, lakini hifadhi ya jotoardhi si ziwa lililofukiwa. Ni mwamba wenye nyufa na vitundu, na maji au mvuke umejaa humo. S inapita kwenye mwamba wenyewe. Inachelewa na kufifia, basi. Ukiikosa kabisa, kagua mambo ya kawaida kwanza: kelele za pampu, mkia wa P (wimbi la kwanza kufika) ulioifunika, au mhimili wa mlalo uliokufa bila mtu kugundua. Tena kila tetemeko lina pande ambazo halirushi S yenye nguvu.

Kinachosema kuhusu maji ni uwiano wa kasi ya P (Vp) kwa kasi ya S (Vs). Kasi ya P inategemea mwamba unavyokataa kubanwa. Maji hayabaniki kirahisi, mvuke unabanika. Kwa hiyo maji yakigeuka mvuke, Vp inashuka lakini Vs inabaki karibu palepale, na uwiano unashuka. Ndivyo hifadhi ya mvuke ya The Geysers kule California inavyoonekana: uwiano wa chini. Mwamba wenye nyufa nyingi zilizojaa maji hupandisha uwiano. Mwamba wa kawaida uko karibu na 1.73.

Njia rahisi ya kuanzia ni mchoro wa Wadati. Kwa kila tetemeko, weka muda wa P kufika kwenye mhimili wa chini, na tofauti ya S na P kwenye mhimili wa juu, nukta moja kwa kila kituo. Mwinamo wa mstari ukijumlisha 1 ndio uwiano wako. Huhitaji hata kujua tetemeko lilitokea wapi.

Lakini angalia hesabu hii kabla hujafurahi. Tetemeko liko kilomita 3 kutoka kituoni, Vp ni 4.5 km/s na Vs ni 2.6 km/s. P inachukua sekunde 0.667, S 1.154. Ukikosea kusoma S kwa sekunde 0.03 tu, uwiano unahama kwa 0.045. Kwa sampuli 100, hizo ni sampuli tatu! Mabadiliko unayoyatafuta huenda yasizidi 0.1. Kwa hiyo panda hadi sampuli 250 kwa sekunde, soma S kwenye mihimili ya mlalo iliyozungushwa kuelekea chanzo, na usiamini tetemeko moja moja. Chukua wastani wa makumi.

Wadati pia inakupa wastani wa njia nzima, tabaka za juu zikiwemo. Ukitaka kujua *wapi* uwiano umebadilika, inabidi uchore picha ya pande tatu kwa mamia ya matetemeko, na hapo pana mtego: vijitetemeko vya kipindi cha pili vikitokea mahali tofauti na vya kwanza, picha itabadilika hata kama mwamba haujabadilika hata chembe. Chagua matetemeko yanayofanana kwa mahali katika vipindi vyote viwili ndipo ulinganishe.

Presha_na_Nyufa:
Kuhusu nukta kuhama: mara nyingi unachokiona ni presha, na presha hutangulia maji mbali sana. Mpaka wa mbele wa vijitetemeko hukadiriwa kwa r = √(4πDt), r ikiwa umbali kutoka kisimani, t muda, na D kipimo cha wepesi wa presha kusambaa mwambani. Chukua D ya 0.05 m²/s na siku 10, yaani sekunde 864,000: unapata kama mita 737. Maji yenyewe yanaweza kuwa bado karibu na kisima.

Kwa hiyo chora umbali wa kila tetemeko kutoka kisimani dhidi ya muda tangu pampu iwashwe. Nukta zikikaa chini ya mpindo wa aina hiyo, unatazama presha. Zikijipanga kwenye mstari mmoja mwembamba, kuna ufa unaopitisha kuliko mwamba wa jirani, na hiyo ndiyo habari ya maana. Maji baridi nayo hupoza mwamba moto ukasinyaa na kupasuka, hata presha ikiwa ndogo. Anayetaka njia ya maji yenyewe atie kemikali ya kufuatilia, mfano naftalini salfoneti, kisha apime visima vya uzalishaji. Vijitetemeko vinasema ufa uko wapi, kemikali inasema umepitisha nini.

Kina nacho kichunguzwe. Kama kituo cha karibu kiko kilomita 6 na tetemeko liko kilomita 2 chini, kina hicho ni kubahatisha. Angalau kituo kimoja kiwe karibu kuliko kina chenyewe, na pengo kubwa kati ya vituo vinavyolizunguka tetemeko lisizidi nyuzi 180. Ukiona matetemeko yamerundikana kwenye kina kimoja kama yamepangwa kwa rula, hiyo ni programu au mpaka wa tabaka kwenye modeli ya kasi. Kuyapanga upya kwa tofauti za muda kati ya majirani husaidia umbo, ila hakuponyi modeli mbovu.

Na kufunga pampu hakuzimi kila kitu. Kwenye mradi wa jotoardhi wa Basel, Uswisi, mwaka 2006, tetemeko la ukubwa wa 3.4 lilikuja saa chache baada ya kusimamisha kusukuma maji, kwa sababu presha iliendelea kusambaa. Kwenye mradi kama huo wa Pohang, Korea Kusini, tetemeko la tarehe 15 Novemba 2017 lilitokea takriban miezi miwili baada ya kusukuma kwa mwisho.

Mnong'ono:
Siku zisizo na vijitetemeko, tumia kelele za ardhi zenyewe. Linganisha rekodi ya kituo A na B kwa kuisogeza moja juu ya nyingine, jumlisha siku nzima, utapata kitu kama wimbi lililotoka A kwenda B. Kisha tazama mkia wake: ukivutika au kubanwa, kasi ya mwamba imebadilika. Asilimia 0.1 kwenye mkia wa sekunde 20 ni sekunde 0.02 tu.

Masafa ndiyo yanayoamua unatazama kina gani. Kwenye Hz 0.5 na kasi ya 2 km/s, urefu wa wimbi ni kilomita 4, na kina unachokiona ni kama theluthi yake, kilomita 1.3. Kwenye Hz 2 na kasi ya 1.5 km/s unabaki na mita 250. Huko unapima mvua na maji ya visima vifupi, si hifadhi. Seismomita ya Hz 1 huanza kukosa nguvu chini ya Hz 1, kwa hiyo hata vituo viwili vya masafa mapana vitakufaa. Linganisha pia na rekodi ya mvua. Wengi wametangaza presha ya hifadhi kumbe ni masika.

Pampu na tabo (mitambo inayozungushwa na mvuke) zina mlio wa masafa yaleyale kila siku. Ukiongeza kasi ya pampu, chanzo cha kelele kinabadilika na mkia unadanganya. Kata masafa hayo kabla ya kujumlisha.

Mvuke_Mkavu:
Asanteni sana wakuu. Na kama saa ya kituo kimoja ilipoteza setilaiti siku tisa, data hiyo itupwe?

Mnong'ono:
Usitupe. Mlinganisho una pande mbili za muda, chanya na hasi. Kasi ikibadilika, pande zote mbili huvutika mbali na sifuri au husogea kuielekea. Saa ikikosea, zote mbili huhamia upande mmoja. Pima uhamaji huo kwa jozi zake zote tano. Zikikubaliana, ndilo kosa la saa. Lisahihishe siku kwa siku, kwa kuwa saa hupotea polepole, hairuki mara moja. Halafu fungua kiungio cha antena: maeneo haya hayaishi gesi ya salfidi ya hidrojeni, na shaba ikishikwa nayo huwa nyeusi. Safisha, paka grisi, funga kwa utepe unaozuia maji.